Vitabu, watoto na cherehani: maswali ninayoulizwa kila siku

Mimi ni fundi cherehani hapa Nkuhungu, Dodoma, na mama wa watoto watatu. Kifungua mimba yuko darasa la pili, wa katikati ana miaka minne, kitinda mimba ndiyo kwanza anasimama dede. Kwenye meza ya kukatia vitambaa hakukosekani kitabu, na chini yake kuna kikapu cha ukili chenye vingine kama thelathini. Wateja wakija kupimwa huanza na habari za mshono, halafu wanaishia kwenye habari za vitabu. Maswali ni yaleyale. Nimechoka kuyajibu huku pasi iko mkononi, kwa hiyo nimeyaandika.

Muda unaupata wapi, na watoto watatu na kazi juu?

Sina muda. Wanaouliza hudhani kuna saa nzima nimeificha mahali, nikiwaelekeza ilipo wataichukua na wao. Saa nzima ya kukaa na kitabu niliiona mara ya mwisho kabla kifungua mimba hajazaliwa.

Nilichonacho ni vipande. Maharage yakiwa jikoni, kuyakodolea macho hakuyaivishi. Siku ya kliniki unakaa kwenye benchi na mtoto mapajani mpaka zamu yenu ya mizani ifike. Siku ya mgao wa maji ndoo zimepangwa bombani na yako ni ya kumi na mbili. Mtoto akinyonya, naye ana starehe zake, hana haraka. Vipande hivyo kila mama anavyo. Mimi zamani nilivimalizia kwenye simu, nikiangalia harusi za watu nisiowajua. Wala sikuamua hivyo. Simu ilikuwa mfukoni, kitabu kilikuwa chumbani juu ya kabati, na nani atapanda kiti kukitafuta wakati mtoto yuko begani?

Nikahamisha vitabu. Kimoja kikaenda jikoni, kwenye rafu ya chumvi na majani ya chai. Kimoja kikaingia kwenye mkoba wa kliniki pamoja na kadi ya mtoto. Kimoja kipo hapa mezani. Nasoma vyote vitatu kwa pamoja, na anayeshangaa nisichanganye wahusika namuuliza anafuatilia tamthilia ngapi za televisheni kwa wiki. Huwa ni tatu au nne, na majina ya wahusika anayajua yote, hadi ya yule shangazi mbaya.

Hesabu yake ni hii: kurasa 5 kwa siku ni kurasa 150 kwa mwezi. Riwaya nyingi za Kiswahili nilizonazo hazizidi kurasa 200. Mtu asiye na muda kabisa atamaliza riwaya nane au tisa kwa mwaka.

Lakini sitawadanganya. Mwezi wa kwanza sisomi hata ukurasa, sare za shule zinanimaliza. Wiki za kuelekea Idi na Krismasi vilevile. Nikishamaliza naanza upya, na kama nimesahau hadithi ilipofikia narudi nyuma sura moja.

Mikono ikiwa na kazi unasomaje?

Lastiki. Chukua lastiki ya kiunoni, ile nyembamba, pima mzunguko wa jalada, punguza inchi moja, shona iwe pete. Unafungua kitabu na kuivisha juu na chini, kurasa zinatulia zenyewe hata kukiwa na upepo wa mwezi wa nane. Sasa unaweza kubangua karanga au kumbeba mtoto, na kidole gumba ndicho kinachofanya kazi ya kugeuza. Nimeshawashonea wateja wengi pete hizo, na nyingi nilizitoa kama nyongeza baada ya kuchelewesha nguo zao.

Wa kwangu anararua kila karatasi. Nisubiri akue?

Ukisubiri, atakua hajui kitabu kinashikwaje, na atararua akiwa na miaka saba.

Mwaka jana wa katikati alichukua kile kimkasi changu cha kukatia nyuzi, akamkata sungura wa ukurasa wa saba, kwa umakini kabisa, masikio yote mawili yametoka salama. Akaniletea. Anataka nimshonee suruali. Nilimgombeza kwanza, maana kitabu kilikuwa cha kuazima. Kisha nikaangalia jinsi alivyokata, nikaona mkono wa fundi. Sungura akashonewa suruali ya kitenge, kipande kisichozidi ukucha, akarudishwa ukurasa wa saba kwa gundi. Mwenye kitabu nilimlipa. Kitabu kikabaki kwetu, na ndicho kinachosomwa kuliko vyote.

Kwa hiyo fanya hivi: wape vyao. Wawe na vitabu viwili vitatu vilivyochoka ambavyo hata vikichanika hulii, nawe vyako vikae usawa wa kifua chako. Mtoto wa mwaka mmoja atakipeleka kitabu mdomoni, mwache. Pale karatasi inapochanika, kaa naye mzibe kwa selotepu pamoja, mkiongea. Akishakiuguza kitabu mara tatu nne, mkono unapungua ukali wenyewe. Na vipya vijalidiwe kabla havijaanza kutumika: karatasi ya kaki ndani, nailoni juu. Uji unafutika kwenye nailoni.

Nyumbani nikikaa na kitabu naonekana mvivu. Mama mkwe yupo.

Hapa ndipo penye kazi. Muda ni jambo dogo ukilinganisha na hili.

Mama mkwe wangu hutoka Bahi kuja kukaa nasi baada ya mavuno. Hajawahi kunisema. Ila nikifungua kitabu alikuwa anachukua ufagio na kufagia pale palipofagiliwa, taratibu, akizunguka kiti changu. Nikafunga. Nikaanza kusoma chooni, kwa tochi ya simu, kama mwanafunzi anayevuta sigara. Siku moja wa kwanza akanikuta, akaniuliza kwa kunong'ona: "Mama, hairuhusiwi?"

Nilitoka na kitabu mkononi. Jioni ile mama alikuwa anachambua mlenda barazani, nikaketi karibu yake, nikachambua naye mpaka tukamaliza, kisha nikawasomea watoto kwa sauti, na yeye asikie. Hadithi ya fisi na sungura. Sikufika mbali. Akanikatiza: "Fisi hakupita njia hiyo." Akaisimulia yeye, kwa namna nyingine kabisa, na fisi wake alikuwa mjinga zaidi na wa kuchekesha zaidi kuliko wa kitabuni. Tangu hapo mambo yakawa hivi: nasoma ukurasa, yeye anasahihisha. Akiwa Bahi, watoto huniuliza kama hadithi fulani bibi ameshaithibitisha.

Siahidi kwamba mama mkwe wa kila mtu atageuka hivyo. Ninachosema ni kwamba kujificha kulikuwa kosa langu mimi. Kazi za nyumbani fanya, zionekane zimefanyika, halafu kaa barazani na kitabu chako mbele za watu, bila kuomba radhi. Ukisoma kwa kuibia, watoto wanaona wizi.

Mtoto wa miezi minane anaelewa nini?

Sauti yako. Msomee chochote, hata kile unachosoma mwenyewe. Mimi kitinda mimba nilimsomea makala ya ufugaji wa kuku wa kienyeji, akalala.

Sisi nyumbani tunaongea Kigogo. Nikimsomea Kiswahili sitamchanganya?

Hachanganyikiwi. Watoto wa Dodoma wanaongea Kigogo kwa bibi, Kiswahili shuleni, na hawakosei nani wa kumwambia nini. Shida iliyopo ni kwamba vitabu vya watoto vya Kigogo ni adimu mno kuvipata, kwa hiyo kinywa ndicho kitabu. Usikidharau. Fungua kitabu chenye picha, maneno ya Kiswahili yaache yalivyo, wewe simulia picha kwa Kigogo. Kesho yake soma maneno. Mtoto atakuwa ameshaijua hadithi, Kiswahili kinaingia kwenye nafasi iliyokwisha tengenezwa.

Tena tuna mtu wetu wa kujivunia kwenye hili. Mathias Mnyampala, Mgogo wa hapa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, alikuwa mmoja wa malenga wakubwa wa Kiswahili, na mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, alichokiandika kwa Kiswahili. Lugha mbili hazikupigana kichwani mwake.

Huyo huyo ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ngonjera, yale mashairi ya kujibizana ambayo sote tuliyakariri shuleni tukitolewa jasho mbele ya wageni. Kwenye familia yenye watoto wawili wanaogombana, ngonjera ni dawa. Mmoja anashika upande wake, mwingine wake, wanagombana kwa vina. Wangu wa pili hajui kusoma bado, anakariri beti kwa kusikia, na akikosea kaka yake anamrekebisha kwa raha kubwa mno.

Anataka hadithi ileile kila usiku. Nimechoka nayo.

Pole. Isome. Anaihitaji kama ulivyohitaji wewe kusikiliza wimbo mmoja mara hamsini ulipokuwa kidato cha pili. Ukichoka sana, badilisha neno moja kwa makusudi, fisi awe mbuzi, uone atakavyoruka kukusahihisha. Siku akianza kuisema yeye kabla yako, akifuata mistari kwa kidole, jua yuko mlangoni mwa kusoma. Wa kwanza wangu alisoma neno lake la kwanza hivyo. Lilikuwa "lakini". Mimi nilikuwa nasubiri "mama".

Usiku mwingine weka kitabu kando kabisa. "Paukwa!" "Pakawa!" Wakae gizani mkisimuliana. Paliondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa. Hata hii ni kusoma, mimi ndivyo ninavyoihesabu.

Vitabu ni ghali.

Ni kweli, na mtu akikuambia kitabu ni bei ya soda mbili, muulize amenunua lini mara ya mwisho.

Anza na maktaba. Huduma za maktaba za umma nchini zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na mikoa ikapata maktaba zake. Dodoma ipo, hapa hapa mjini. Watu wengi wanaijua kama mahali pa wanafunzi kujisomea kabla ya mitihani, na kweli wapo, lakini nenda na mtoto wako mkono kwa mkono, uliza dirishani kuhusu uanachama na sehemu ya watoto. Mara ya kwanza nilikwenda na watatu, mmoja mgongoni, nikidhani nitafukuzwa. Tuliambiwa tu tupunguze sauti.

Halafu kuna wauza vitabu wa mezani, wale wa mitumba. Usitafute kitabu fulani pale, tafuta chochote. Kwa wadogo ninavipenda vile vijitabu vyembamba vilivyotoka kupitia Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991: ni vya Kiswahili chetu, mazingira ni yetu, na mtoto anamaliza kwa kikao kimoja akajiona bingwa.

Kwenye simu kuna African Storybook, hadithi za bure za watoto, Kiswahili kimo. Unapakua, unapeleka steshenari wanakuchapishia, unakunja na kushona katikati. Mimi nashona kwa cherehani, mshono mrefu, sindano namba kubwa. Siku hiyo sindano iandae kufa, karatasi inaiua. Ukishona kwa mkono ni mishono mitano tu.

Mwisho, kuchanga. Akina mama wanne wenye vitabu vitatu vitatu wana vitabu kumi na viwili.

Nikisoma kwenye simu si ni sawa?

Kwako ni sawa, nami usiku nasoma kwenye simu ili taa isimwamshe mtoto. Ila mtoto akikuona na simu hajui kama unasoma riwaya au unaangalia bei za vitenge. Kitabu cha karatasi kina jalada, mtoto anaona unakwenda wapi na umebakiza kiasi gani. Na simu ina tabia ya kuita katikati ya aya. Ukisoma kwa simu, mwambie unachosoma. "Hapa mwizi ameingia ndani." Atasogea.

Baba anaingilia wapi?

Popote alipo. Najua nyumba nyingi hapa ni za upande mmoja. Serikali ilihamia Dodoma, mke akabaki Dar, au kinyume chake. Jirani yangu mume wake yuko Dar kikazi. Kila Jumatano anamtumia binti yao sauti kwenye WhatsApp, amesoma sura moja ya hadithi, na nyuma yake unasikia honi za daladala. Mtoto anaisikiliza kitabu kikiwa mapajani, anafuata. Nakala ni mbili, moja kule moja huku. Baba akija kwa treni ya mwendokasi, chini ya saa nne sasa tangu ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, humaliza sura iliyobaki ana kwa ana.

Wa kwangu mimi yupo, anafanya kazi Mtumba, kule kwenye mji wa Serikali, anarudi jioni kachoka. Hapendi riwaya. Nililazimisha, haikusaidia. Anachosoma ni gazeti la michezo, basi wa kwanza anasoma naye msimamo wa ligi, na nakuhakikishia mtoto huyo ana kasi ya kusoma namba kuliko kitu chochote. Mwacheni baba asome anachokipenda.

Na akina baba wanaoona ni kazi ya mama: Shaaban Robert, aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali pale Mpwapwa miaka ya 1940, alimwandikia binti yake utenzi mzima wa nasaha. Sisi tunaomba kurasa mbili tu, tena za kusoma.

Yuko darasa la tatu, kusoma anaona ni adhabu.

Huenda ni adhabu kweli. Ukimwambia "umekosea, nenda kasome", umeshamfundisha. Tenganisha kitabu cha hadithi na kitabu cha shule, visikae hata sehemu moja. Usimuulize maswali ya ufahamu akimaliza. Wewe ukimaliza tamthilia nani anakuuliza mafunzo uliyoyapata?

Kingine: msomee bado. Tunaacha kuwasomea pale wanapojua herufi, tunawaacha peke yao na kazi nzito wakati utamu ulikuwa kwenye sauti ya mama. Wangu anajua kusoma na ninamsomea, nikifika pazuri nakumbuka ghafla kwamba nina gauni la mtu la kumalizia. Nakiacha wazi mezani. Sijawahi kukikuta kwenye ukurasa uleule.

Riwaya za mapenzi mbele ya watoto?

Soma. Sura zenye moto zisome wamelala. Jalada likiwa na picha ya kukumbatiana, kaki inaficha.

Mchwa na vumbi je?

Mkazi wa Dodoma ndiye huuliza hili. Vitabu visiguse ukuta wala sakafu. Mchwa wa kwetu anapanda ukutani usiku mmoja, asubuhi kitabu kimebaki ganda, ukikiinua kinamwagika udongo. Nimepoteza sita hivyo, pamoja na kamusi. Sasa kikapu kinakaa juu ya vigae viwili na kila Jumapili tunakihamisha. Kiangazi navifuta kwa kitambaa kikavu. Mvua zikianza mwezi wa kumi na mbili navianika kivulini, si juani.

Unaazimisha?

Ndiyo. Kuna daftari, andika jina la mtoto, si lako, maana watoto ndio wanaokumbuka kurudisha. Wiki mbili. Kikipotea leta kingine, si lazima kifanane.

Kuna kimoja kiliondoka na familia iliyohamia Singida, nikakifuta kwenye daftari. Baada ya miezi minane konda wa basi akanipigia simu nina mzigo stendi. Nikakuta mfuko wa vitunguu, na kitabu katikati, kinanuka vitunguu mpaka leo. Kila ukurasa mtoto ameandika jina lake kwa penseli, kwa herufi kubwa zinazoegemea kushoto, isipokuwa wa mwisho ambapo ameandika na langu.

Jumamosi njoo kabla ya saa sita, mchana huwa nafuata vitambaa mjini.